Siri ya Maiti na Kilio cha Kanga: Fasihi Simulizi na Hadhira katika Filamu za Kiafrika Zinazozinduliwa Cannes

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiafrika wameizungumzia filamu kwa kusitasita. Sababu mojawapo ni kwamba filamu za Kiafrika zinazosifiwa ulimwenguni aghalabu huzinduliwa mbali na Afrika, hususan katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa, na hukumu juu yake huwa imekwisha kutolewa kabla hazijamfikia mtazamaji wa Lusaka, Dakar au Nairobi. Mtazamaji huyu anapozipata, ikiwa atazipata, huzipokea zikiwa zimekwisha kufasiriwa: ameambiwa zinahusu nini, zinachekesha wapi na zinatisha wapi. Makala haya yananuia kuuhoji ufasiri huo kwa kutumia zana ambazo mwanafasihi wa Kiafrika anazo tayari, nazo ni zana za uchambuzi wa fasihi simulizi.

Mjadala kuhusu filamu hizi umegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza hudai kwamba filamu inayotengenezwa kwa ruzuku ya Ulaya na kuzinduliwa mbele ya macho ya Wazungu haiwezi ila kuanika aibu za Mwafrika kwa wageni. Kambi ya pili huzishangilia filamu hizo kama sauti halisi ya Afrika kwa kuwa zimeigizwa kwa Kibemba, Kifulani au Kiwolofu. Kambi zote mbili zina kasoro moja. Huamua thamani ya filamu kwa kuangalia zilikotoka fedha au lugha wanayoisema waigizaji, bila kuichunguza fani yenyewe. Tunadai hapa kwamba swali lenye manufaa zaidi ni hili: je, filamu inayatumia masimulizi na desturi za jamii yake kama pambo, au inayatumia kama hoja? Tutalijibu kwa kuzilinganisha filamu mbili, Banel & Adama ya Ramata-Toulaye Sy iliyozinduliwa Cannes mwaka 2023, na On Becoming a Guinea Fowl ya Rungano Nyoni iliyozinduliwa huko mwaka 2024. Hii ya pili, kwa sababu zitakazodhihirika, tutaiita Kuwa Kanga.

Tamasha kama hadhira

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanafahamu kwamba hadhira si kapu la kutilia masimulizi. Fanani anapotamba ngano mbele ya watoto huirefusha nyimbo na kuufupisha ukatili. Anapoitamba mbele ya wazee wenzake hubadilisha vyote viwili. Hadhira ni sehemu ya utunzi. Kanuni hiyo haibatiliki kwa kuwa masimulizi yamehamishiwa kwenye filamu na hadhira imehamia ukumbini Cannes.

Historia ya Waafrika katika tamasha hilo inathibitisha jambo hili. Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali ilipata Tuzo ya Baraza la Waamuzi mwaka 1987, na Tilaï ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso ikapata Tuzo Kuu mwaka 1990, ambayo ni ya pili kwa hadhi baada ya ile ya Mtende wa Dhahabu. Zote mbili zina mandhari ya kijijini, zina migogoro ya baba na mwana, na zina mwendo wa hekaya ya kale. Si kosa la watunzi hao kwamba baadaye ilijengeka dhana kuwa filamu ya Kiafrika inayostahili kutuzwa ni ile yenye vumbi, ukimya mrefu na mzee anayejua siri za ulimwengu. Hata hivyo dhana hiyo ilijengeka, na kila mtunzi aliyefuata amelazimika ama kuitii ama kupambana nayo. Mati Diop, mwanamke mweusi wa kwanza kushindanisha filamu katika shindano kuu la Cannes, aliipeleka hekaya ya mizimu mjini Dakar katika Atlantique, iliyopata Tuzo Kuu mwaka 2019. Sy na Nyoni waliirithi hali hii, na kila mmoja aliikabili kwa njia yake.

Banel & Adama: hekaya kama pambo

Filamu ya Sy, iliyoigizwa kwa lugha ya Wafulani wa kaskazini mwa Senegali, ilikuwa ndiyo ya pekee ya mtunzi anayeanza katika shindano kuu la mwaka 2023. Kisa chake kina uzito. Banel aliolewa kwanza na Yero, kakaye Adama. Yero akafa, naye Adama akamrithi mjane kwa mujibu wa desturi. Jamii inaiona ndoa hiyo kama wajibu, ilhali wao wenyewe wanapendana kwa hiari. Adama anatarajiwa kuwa chifu, anakataa. Wanapanga kuhamia katika nyumba zilizofukiwa na mchanga nje ya kijiji, na kila siku wanazifukua. Kisha mvua inakataa kunyesha, ng'ombe wanakufa, watu wanakufa, na kijiji kinaanza kuamini kwamba kiini cha balaa hilo ni uasi wa wapenzi hao.

Hapa pana mgogoro wa kitanzia halisi. Mapenzi yaliyo huru yanachipuka ndani ya desturi isiyo huru, na mhusika mkuu si malaika: filamu inadokeza kwamba huenda Banel alihusika katika kifo cha Yero. Aidha, Sy anaijua nguvu ya takriri. Majina mawili ya anwani yanarudiwa kwa kunong'onwa na kwa kuandikwa hadi yanakuwa kama uganga, na tunauona upendo ukigeuka kuwa kichaa bila ya kuambiwa.

Lakini kijiji chenyewe kimesawiriwa vipi? Wanakijiji hutokea kwa makundi. Huketi, hutazama, hulaumu. Ni nadra kumsikia mmoja wao akibishana na mwenzake kuhusu ukame au kuhusu haki ya Adama kukataa uchifu. Wahusika bapa wana nafasi yao katika fasihi, bali jamii nzima inapokuwa bapa, desturi yake hugeuka ukuta wa kupigia kichwa. Tunachokikosa ni kile ambacho kila msomaji wa methali anakijua, kwamba jamii za Kiafrika huzungumza kwa sauti nyingi na hukinzana ndani ya hekima yao wenyewe. Imani kwamba uasi wa wawili huleta ukame inaingizwa katika filamu kisha inaachwa ikielea pamoja na vumbi, ikiwa nzuri kutazama na ngumu kujibiwa. Kwa maana hiyo hekaya katika Banel & Adama imebaki kuwa mandhari. Ni pambo lenye umahiri mkubwa, lakini ni pambo.

Kuwa Kanga: matanga kama fani

Rungano Nyoni alizaliwa Lusaka mwaka 1982, akahamia Wales na wazazi wake akiwa mtoto. Filamu yake ndefu ya kwanza, I Am Not a Witch, ilionyeshwa Cannes mwaka 2017 katika sehemu iitwayo Wiki Mbili za Waongozaji, nayo ilihusu mtoto wa kike anayeitwa Shula na kushutumiwa kuwa mchawi. Katika Kuwa Kanga, iliyoonyeshwa mwaka 2024 katika sehemu iitwayo Un Certain Regard na kumpatia Nyoni tuzo ya uongozaji bora aliyoigawana na Roberto Minervini, mhusika mkuu pia anaitwa Shula. Huyu ni mtu mzima, wa tabaka la kati, naye usiku mmoja anapotoka karamuni akiwa amevaa vazi la kuchekesha lililojazwa hewa, anaikuta maiti ya mjomba wake Fred barabarani. Halii. Anaitazama tu, na kwa muda mfupi tunamwona mtoto wa kike akiitazama maiti hiyo hiyo, mtoto ambaye tunakuja kumtambua kuwa ni Shula wa zamani. Sehemu kubwa ya filamu inayofuata ni matanga ya mtu huyo, ambaye Shula na jamaa zake Nsansa na Bupe wana sababu ya kutomlilia. Kila mmoja wao alidhulumiwa naye kimwili utotoni.

Wahakiki wengi wa Magharibi waliipokea filamu hii kama tamthilia ya kibwege, wakazisifu picha zake za kinjozi. Usomaji huo hauna ubaya, ila unaliacha jambo la msingi. Kinachoonekana kioja kwa mgeni ni kanuni kwa mwenyeji. Wanawake wanaoingia nyumba ya msiba kwa magoti huku wakiomboleza hawaigizi wazimu. Wanafuata utaratibu wa utendaji unaojulikana. Matanga ni utanzu. Yana wahusika wake, maleba yake, nyimbo zake, mgawanyo wake wa kazi na miiko yake. Shula anasutwa na shangazi na mama wakubwa kwa kutolia kwa sababu katika utanzu huu kulia ni zamu ya mwigizaji, na asiyeitimiza huvuruga utendaji mzima. Nyoni ameitwaa fani hii na kuifanya muundo wa filamu yake: siku za matanga ndizo sura zake, na kila utaratibu wa matanga unakuwa jaribio la ukweli ule ambao haujatamkwa. Je, unawezaje kumlilia mtu huyu? Unawezaje kuwapakulia chakula wanaume walioketi uani wakingoja kuhudumiwa, ilhali miongoni mwa wanaoomboleza wamo waliojua?

Hapa ndipo tofauti na filamu ya Sy inapobainika. Desturi katika Kuwa Kanga haikuwekwa nyuma ya wahusika ili iwapendezeshe. Imewekwa mikononi mwao, nao wanaitumia, wengine kuficha na wengine kufichua.

Mjomba na tafsiri

Suala la lugha linahitaji kuchunguzwa kwa makini. Filamu hii imeigizwa kwa Kibemba na Kiingereza, na mtazamaji wa Cannes aliufuata mazungumzo ya Kibemba kupitia tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Katika tafsiri hiyo Fred ni mjomba kwa neno la Kiingereza lisilopambanua kaka wa mama na ndugu wa baba. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake humtenga mjomba na ami, na shangazi na mama mdogo, anauliza swali ambalo tafsiri hiyo hailiulizi: huyu ni ndugu wa upande upi?

Fred ni kaka wa mama. Wabemba ni jamii inayofuata ukoo wa kuumeni kwa mama, na katika jamii ya namna hiyo kaka wa mama ana mamlaka juu ya watoto wa dada zake ambayo hata baba hana. Hivyo aliyewadhulumu wasichana hawa si jamaa wa pembeni. Ndiye nguzo ya ukoo. Akina mama wanaomlilia kwa nguvu hivyo wanamlilia ndugu yao na pia wanaulilia mhimili wa hadhi yao. Ukimya wao unapata maelezo, ingawa haupati udhuru. Vilevile mgogoro wa mali mwishoni mwa filamu unaeleweka vizuri zaidi. Jamaa wa Fred wanamkalia kikao mjane wake, msichana aliyeolewa angali mtoto, wakimshutumu kwa kutomtunza mumewe, na jamaa zake wanapiga magoti kuomba radhi. Zambia ilitunga sheria ya urithi wa wasioacha wasia mwaka 1989, inayowagawia watoto asilimia 50 ya mali ya marehemu na mjane asilimia 20. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 30, na bado kikao kinachoonyeshwa na Nyoni kinaendeshwa kana kwamba haipo. Huu si ubwege wa kisanii. Ni uhalisi, na mtazamaji yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kuona mjane akifungiwa nyumba aliyoijenga na mumewe ataufahamu bila ya kutafsiriwa.

Methali zinazokinzana

Waswahili husema siri ya maiti aijuaye mwosha. Methali hii hufasiriwa kama wasia wa staha: aliyeuona uchi wa marehemu na aufunike. Ukoo wa Fred unaishi kwa kanuni hiyo. Marehemu hasemwi vibaya, na aliyemjua zaidi ndiye anayetakiwa kunyamaza zaidi. Lakini Waswahili hao hao husema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ya kwanza hukataza kusema. Ya pili huonya dhidi ya kunyamaza. Hekima simulizi haikutoa hukumu moja. Imempa kila kizazi silaha mbili na kumwachia achague ya kutumia na wakati wa kuitumia.

Wasichana watatu wa Nyoni wanaakisi chaguzi hizo. Nsansa husimulia yaliyompata kwa kicheko, kama anayetamba ngano ambamo sungura alimponyoka fisi. Kicheko hicho hakidumu, nasi tunatambua kwamba ngano ilikuwa ngao. Bupe anayasema mbele ya simu yake ya mkononi, akijirekodi kwa kuwa hakuna sikio lililo tayari, na anaponea chupuchupu kufa kwa mkono wake mwenyewe. Maradhi yaliyofichwa yanakaribia kumuumbua asiyeyaleta. Shula ananyamaza, na ukimya wake ndio mrefu kuliko wote. Mambo yanapofikia kilele, akina mama wanawafuata wasichana ghalani, wanawakumbatia na kuwaimbia. Ni tukio la upendo wa kweli, na ndilo la kutisha kuliko yote katika filamu. Wimbo wa kubembeleza, utanzu wa kwanza ambao mtoto husikia maishani, unatumiwa kumlaza usingizi mtu mzima aliyeamka. Katika tukio hili hoja ya Nyoni juu ya fasihi simulizi inakamilika: utanzu ule ule unaoponya ndio unaoziba kinywa.

Kanga: ndege na neno

Anwani ya filamu inatokana na kipindi cha televisheni cha watoto ambacho Shula alikitazama utotoni, kinachoeleza kwamba kanga huwafaa wanyama wengine kwa kuwa hupiga kelele aonapo mnyama mkali. Mwishoni mwa filamu, kikao cha mirathi kinapoendelea, Shula anajitokeza na kilio cha kanga kinasikika.

Neno kanga si la Waswahili peke yao. Wanyanja humwita ndege huyu nkhanga, Washona humwita hanga. Ni mzizi mmoja wa Kibantu. Kwa Waswahili, hata hivyo, neno hili limebeba mzigo zaidi, kwa kuwa ndilo pia jina la lile vazi la wanawake wa pwani, ambalo sisi wa Mombasa huliita leso. Husemekana kwamba madoadoa ya vitambaa vya karne ya 19 yalifanana na manyoya ya ndege huyo. Muhimu zaidi ni kwamba kanga hubeba jina, yaani msemo uliochapishwa ukingoni, na kwa vizazi kadhaa mwanamke asiyeruhusiwa kutamka neno barazani amelivaa kiunoni na kupita nalo. Hatudai kwamba Nyoni aliikusudia maana hii. Tunaichukua kama haki ya mpokezi, na tunaona inaitajirisha filamu bila ya kuipotosha. Ndege apigaye kelele na vazi lisemalo bila ya sauti ni jibu la aina moja kwa jamii inayowataka wanawake wanyamaze: neno linapozuiwa kinywani hutafuta njia nyingine ya kutokea.

Filamu hii si timilifu. Mjane wa Fred, ambaye dhuluma yake ndiyo kubwa kuliko zote, hapewi fursa ya kusema kiasi cha kutosha. Tunamwona kupitia macho ya Shula, mtu wa tabaka jingine, na huruma ya Shula inachukua nafasi ambayo ingeweza kuwa ya sauti ya mjane. Isitoshe, kilio cha mwisho kinaacha swali la kimantiki. Waswahili husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Je, kelele za kanga zamzuia nani? Kanga hamjeruhi chui. Huwaonya tu waliobaki. Tunaamini kwamba huo ndio upeo ambao Nyoni aliukubali kwa makusudi: mwindaji amekwisha kufa, na onyo linawaelekea watoto walio hai na watu wazima waliojua. Ni upeo wa unyenyekevu, lakini ni wa ukweli.

Tamasha na nyumbani

Kuna watakaosema kwamba onyo lililotolewa Cannes haliwaonyi wa nyumbani. Hoja hii ina uzito, na historia yetu wenyewe inaiunga mkono. Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyobuniwa kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa Cannes, mwaka 2018. Kabla haijaonyeshwa huko, Bodi ya Filamu ya Kenya iliipiga marufuku nchini, mnamo Aprili mwaka huo, kwa hoja kwamba inaendeleza mapenzi ya wanawake kwa wanawake. Mnamo Septemba Mahakama Kuu iliiondoa marufuku hiyo kwa siku 7. Kwa mujibu wa Kahiu, mvutano na Bodi ulihusu hasa mwisho wa filamu, ambao ulionekana kuwa na matumaini kupita kiasi. Yeyote anayefundisha fasihi anapaswa kulitafakari jambo hili. Mgogoro uliofika mahakamani ulikuwa, kwa sehemu, mgogoro wa fani: hadithi imalizike vipi, na nani ana haki ya kuamua? Ni swali la kihakiki, na wahakiki wa idara zetu walichangia kidogo mno katika kulijibu hadharani.

Kwa hiyo lawama ya kwamba filamu hizi ni za wageni haiwaangukii watunzi peke yao. Hadhira ya kigeni hutawala pale ambapo hadhira ya nyumbani imezuiwa, au imejizuia.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kigezo cha pambo na hoja hutusaidia kuzipambanua filamu ambazo tamasha huziweka katika kapu moja. Banel & Adama ina hekaya nzuri isiyobishaniwa na wahusika wake. Kuwa Kanga imeingia ndani ya utanzu wa matanga, ikautumia mkinzano uliomo katika hekima simulizi, na kuwauliza wenye desturi swali kwa lugha ya desturi yao. Imeonyeshwa pia kwamba mhakiki anayejua tofauti ya mjomba na ami huona katika filamu hii kiini cha mamlaka ambacho tafsiri ya chini ya picha imekifuta.

Maana ya hayo kwa ufundishaji ni wazi. Filamu hizi zisomwe katika kozi za fasihi simulizi na nadharia ya uhakiki, si kama burudani ya mwisho wa muhula bali kama matini. Mwanafunzi apewe kazi ya kulinganisha kilio cha matanga alichokisikia kwao na kile cha ukumbini, na methali ya kunyamaza na ile ya kusema. Hukumu ya Cannes ni ya mwosha mmoja miongoni mwa wengi. Sisi tunaoijua maiti kwa jina la ukoo wake hatuna sababu ya kuwa wa mwisho kuisemea.